Kibaba cha Mfuto

Agosti, Burnley, mvua nyembamba kama uzi wa cherehani,
na mimi ghorofa ya pili ya chuo cha kidato cha sita
nimefungiwa na majina mia mbili na kumi na moja.
Kazi yangu si kufundisha. Kazi yangu ni kutoa:
alama waliyopata, toa alama waliyotarajiwa.
Kinachobaki, kikiwa na msalaba mbele,
tunawaandikia wazazi barua.
Kikiwa na kistari, tunaitana mkutanoni.

Matarajio hayashuki mbinguni.
Kompyuta hutazama mtihani wa miaka kumi na sita,
hutafuta nchi nzima watoto wa alama zile zile,
huwapanga, huwachanganya, huwakoroga,
kisha humwambia Zunaira Akhtar: wenzako hupata C.
Wenzake gani? Hajawahi kula nao hata chipsi.

Mama yangu aliuza mchele Korogwe
na kibaba kilikuwa na majina mawili:
cha tele, kilichopanda kichuguu,
na cha mfuto, kilichopitishwa kijiti juu
mpaka punje za ziada zikarudi guniani.
Mnunuzi aliuliza kwanza, ndipo akafungua pindo la kanga.
Hapa hakuna anayeuliza.
Kijiti kinapita.

Callum Hargreaves, Kemia, kutoa mbili.
Alifika kwetu na alama za kutisha;
nyanya yake aliuza gari kumlipia mwalimu wa jioni,
Jumanne, Alhamisi, na Jumapili kabla ya nyama.
Nyanya akafa Novemba. Mwalimu wa jioni hakuja tena.
Basi kipi kilishuka, Callum,
au ngazi aliyokuwa ameegemea?
Jedwali lina safu thelathini na nne. Ya nyanya hamna.

"Usinipe hadithi," asema Bi. Ormerod, mkuu wetu,
si kwa ubaya, ana wageni saa nane na jino linamuuma.
"Nipe namba moja niisimamie."
Nampa: sifuri nukta sifuri nne.
Anatabasamu kwa upande usiouma.

Sikumwambia linaloninyima usingizi:
kwamba nchi nzima ukiijumlisha ni sifuri,
ndivyo mzani ulivyochongwa,
kwamba kila chembe tuliyopanda sisi
imeshuka mahali, labda Truro, labda Grimsby,
kwa kijana ambaye naye aliamka kiza,
akala tosti wima, akasoma basini.

Mstari wa mia na tisini. Nduwayo, Espérance.
Hisabati, A. Fizikia, A. Kifaransa, A yenye nyota.
Matarajio: tupu.
Alitua hapa Juni, mwaka wa mtihani ule,
kutoka Bujumbura kupitia miji asiyoitaja,
na Kiingereza cha kuombea maji.
Mtihani hakuufanya. Hana pa kuanzia.
Kompyuta haimtoi wala haimjumlishi.
Naibonyeza seli mara tatu, inakonyeza tu.
Asiye na mwanzo, kwa kanuni ya ukurasa wa tisa,
hakwenda popote.

Saa kumi kasorobo, hodi mlangoni.
Ni yeye, koti linachuruzika,
anarudisha kikokotoo nilichomwazima miaka miwili iliyopita,
kile cha zamani chenye jina la mtu mwingine
lililokwaruzwa mgongoni kwa pini.
"Nilikuwa karibu kukisahau," kwa Kiswahili cha Buyenzi,
na tayari anashuka ngazi mbili mbili,
basi lake halingoji mtu.

Nikakiwasha, kujaribu tu.
Namba zikasimama nyeusi, kali;
nami nilimpa zikififia.
Nikafungua kifuniko kwa sarafu:
betri mpya, zote mbili.

Mvua haijakatika. Majina ishirini na moja bado.